Tumbo la Bepari na Pampu ya Baiskeli

Nilipewa kazi ya nyuma ya pazia kwa sababu ya sauti yangu. Mwalimu Mkuu alinisimamisha mwisho wa darasa, yeye akaenda kusimama mbele karibu na ubao, akaniambia niseme kwa nguvu zangu zote, "Wakulima, amkeni!" Nikasema. Akaweka kiganja nyuma ya sikio. Nikasema tena. Akanitazama kwa huruma, kama daktari anayejua habari mbaya, akasema, "Mwalimu, wewe ukiwaamsha wakulima watazidi kulala. Utasimamia vifaa."

Nilikuwa mwalimu mpya, msichana mwembamba mwenye cheti ambacho wino wake ulikuwa bado unang'aa. Kwetu ni Maruku, ambako baba alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kahawa na migomba, na nilikuwa nimepangiwa shule ya msingi katika kijiji kimoja jirani na Ijumbi. Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, kila mtu ni ndugu. Asubuhi tulifundisha watoto, alasiri tulifundisha wazazi wao, maana elimu ya watu wazima ilikuwa imepamba moto. Huku kwetu watu hawakuhamishwa sana kwenda vijiji vipya. Vibanja vilikuwa vimebanana tangu zamani, mgomba wa huyu unaegemea mgomba wa yule, na kama serikali ingetaka tukae karibu zaidi ya hapo ingebidi tulale kitanda kimoja. Lakini siasa ilitufikia kama ilivyowafikia wengine, na kwetu ilifika kwa njia ya maigizo.

Mchezo aliutunga Mwalimu Mkuu mwenyewe. Alikuwa amepata mafunzo mafupi ya maigizo huko chuoni, na tangu hapo hakuwahi kuingia mlangoni kama watu wengine, alikuwa anatokeza. Mchezo wake ulikuwa hivi: Bepari mwenye tumbo kubwa anafika kijijini, anakaa kwenye kiti, anabebwa na wakulima, anakula jasho lao. Radi inapiga, mvua inanyesha, wakulima wanaamka na kuungana. Kila mkulima anaposema neno lake, tumbo la Bepari linapungua kidogo, hadi mwisho anabaki mwembamba kama wenzake, anashika jembe, na wote wanaimba.

"Tumbo ndiyo mchezo wenyewe," alituambia. "Tumbo lisiposinyaa, ujamaa haujafika."

Waigizaji walikuwa wanafunzi wetu wa alasiri, akina baba na akina mama. Wote walitaka kuwa wakulima. Hakuna aliyetaka kuwa Bepari. Kijiji kizima mwenye tumbo la kuonekana alikuwa mmoja tu, naye alikuwa Mwenyekiti wa kijiji. Siku Mwalimu Mkuu aliposoma maelezo ya Bepari, "mtu mnene, anayetembea akitanguliwa na tumbo," darasa zima lilitazama sakafu. Mwenyekiti, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele, akasema taratibu, "Endelea kusoma, Mwalimu. Mbona umenyamaza?"

Aliyetuokoa ni katekista wa parokia. Alikuwa mzee mrefu, mkavu kama ufito, mwenye koti jeusi na uso ambao haukuwa na kumbukumbu ya kicheko. Watoto aliowafundisha mafundisho ya komunyo walikuwa wakimwogopa kuliko walivyoogopa jehanamu aliyowaeleza. Alisimama, akakohoa, akasema:

"Mimi kila Ijumaa Kuu ni Pilato. Nimeshazoea kuchukiwa. Nipeni."

Basi tukawa na Bepari aliye mwembamba kuliko wakulima wote, na kazi ya kumnenepesha ikawa yangu.

Sikuwa peke yangu. Palikuwa na Mama Fundi, mjane wa Kilutheri aliyekuwa na cherehani barazani kwake, mwanamke mpana, mcheshi, aliyezungumza huku midomo imebana pini. Yeye ndiye aliyetushonea anga. Tuliomba mashuka mabovu nyumba kwa nyumba, akayaunga, tukayachovya kwenye maji yenye bluu ya kufulia, kisha tukachora mawingu kwa jivu na vilima kwa udongo mwekundu. Anga letu lilikuwa zuri, ila upande mmoja kulikuwa na maua ya waridi yaliyokataa kufunikwa na rangi. "Hayo ni machweo," alisema Mama Fundi, na tukakubaliana hivyo.

Mvua ilikuwa rahisi: maharage makavu kwenye ungo, unazungusha taratibu, yanachachatika kama mvua ya mbali. Radi ndiyo iliyotuletea balaa. Nilipewa bati chakavu lililobaki kwenye ujenzi wa choo cha shule. Nikalining'iniza kwa kamba nyuma ya darasa, nikashika ncha ya chini, nikalitikisa.

Sijui kama umewahi kusikia bati refu likitikiswa na mtu anayetaka kumpendeza mkuu wake wa kazi. Ilikuwa radi kamili. Ilianza na kunguruma, ikapanda, ikapasuka. Nikafurahi, nikatikisa tena na tena. Nilikuwa sijawahi kuwa na sauti kubwa maishani mwangu.

Nilipochungulia nje, niliona kijiji kizima kinakimbia. Ilikuwa msimu wa kuanika kahawa, na kila ua lilikuwa na mikeka imejaa buni. Wanawake walikuwa wanatoka migombani mbio, wanakunja mikeka, wanabeba vikapu, wanaita watoto. Mzee mmoja alikuwa anasukuma kahawa yake ndani kwa ufagio huku mlango wake umefungwa, kwa hiyo alikuwa anaisukuma ukutani. Na juu yetu jua lilikuwa linawaka, anga bila wingu hata moja.

Baada ya muda kidogo bibi mmoja jirani wa shule alikuja, mkeka mgongoni, kahawa imetapakaa kwenye nywele. Akaniona na bati mkononi.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi, waitu," nikamjibu kwa adabu zote nilizokuwa nazo. "Ni radi ya mchezo."

Akalitazama bati, akanitazama mimi. "Na mvua yake iko wapi?"

Nikamwonyesha ungo wa maharage. Akauchukua, akauzungusha kidogo, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Mawe!" akashangaa kikwetu. "Watu wamesoma kweli."

Tangu siku hiyo ilibidi kabla ya kila mazoezi nitume mtoto azunguke vibanjani akitangaza kwamba radi ya leo ni ya uongo. Matokeo yake, radi ya kweli ilipopiga, hakuna aliyeanua, na kahawa ya watu ikaloa. Nikapelekwa kwa Mwenyekiti. Akaamua kwamba radi ya shule ipigwe baada ya kahawa kuanuliwa, na akaongeza kwamba yeye binafsi hana neno na mchezo, mradi tumbo la Bepari lisifanane na la mtu yeyote.

Sasa tumbo. Kwanza tulijaza majani makavu ya mgomba ndani ya shati. Yalifanya tumbo zuri, lakini kulipunguza ilibidi katekista ayachomoe mwenyewe, na jukwaa likawa kama mahali alipolala ng'ombe. Kisha tukajaribu mto wenye kamba. Mimi nyuma ya pazia navuta, mto unateremka. Uliteremka vizuri hadi kwenye suruali, halafu ukakwama mahali ambapo sitapataja. Mama Fundi alicheka hadi nusura ameze pini. Kwa bahati nzuri ilikuwa imelala upande, akaitema. Katekista hakucheka. Alisimama wima, mto ukiwa pale ulipo, akauliza, "Mwalimu, hapa ndipo mlipopanga ufike?"

Jawabu nililipata kwenye ghala la chama cha ushirika. Nilikuta dereva wa lori amekaa chini anaziba pancha. Tyubu ilikuwa imelala vumbini, bapa kabisa, akaanza kuijaza upepo, nayo ikaanza kuinuka taratibu, ikanenepa, ikawa duara. Nikasimama pale nikiitazama kama mtu aliyeona malaika.

"Tata," nikamwita kikwetu, kama baba yangu, "hii ikitoa upepo inarudi kuwa bapa?"

Dereva akanitazama kwa wasiwasi. "Mwalimu, nyie mnafundisha nini huko?"

Alinipa tyubu kuukuu ya gari dogo, yenye viraka kama ramani. Ilimwingia katekista kiunoni kama imepimwa. Nikaunga kwenye valvu yake mpira mrefu mgumu, ule wa bomba la kunyunyizia dawa kahawa, tuliouazima kwa mkulima mmoja jirani. Mpira ule ulipita ndani ya mguu wa suruali, ukateleza kando ya kiti, ukaingia chini ya pazia mpaka kwangu. Nikiunganisha pampu ya baiskeli, tumbo linakua. Nikitoa pampu na kuziba kwa gunzi la mahindi, linatulia. Nikilegeza gunzi, upepo unatoka polepole, fsss, na tumbo linakwisha mbele ya macho ya watu bila mkono wa mtu kuonekana.

Siku ya kwanza tulipojaribu, wakulima wote waliacha kusema maneno yao wakabaki kutazama. Mwalimu Mkuu alitokwa na machozi. "Hiyo," alisema, "hiyo ndiyo sanaa." Na hapo hapo suruali ya Bepari, ambayo Mama Fundi alikuwa ameishona kwa kipimo cha tumbo lililojaa, ikaanguka hadi kwenye vifundo vya miguu.

Mzee yule hakusogea. Alikuwa amevaa bukta ya kaki iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Alimalizia neno lake lote la kutubu, akashika jembe, akaimba wimbo wa mwisho beti zote akiwa hivyo hivyo, kwa sababu Mwalimu Mkuu alikuwa amefundisha kwamba mwigizaji haachi mchezo katikati hata nyumba ikiungua. Baadaye Mama Fundi alishona mikanda ya kupita mabegani kutoka kwenye magunia ya kahawa, na jambo hilo likawa limekwisha.

Onyesho la kwanza la watu wengi lilikuwa Muleba, kwenye sherehe ya wahitimu wa elimu ya watu wazima. Asubuhi ya siku hiyo, tukiwa tunapakia anga letu kwenye lori la ushirika, mwenye bomba la dawa alitokea. Kahawa yake ilikuwa imeingiwa na wadudu, akautaka mpira wake.

"Kesho, waitu," nikambembeleza. "Leo tuna mgeni rasmi."

"Wadudu wangu hawana mgeni rasmi," akasema, akauzungusha mpira begani, akaondoka.

Ilibidi nitafute kitu kingine haraka. Nikapata tyubu nyembamba ya baiskeli, nikaikata, ikawa bomba refu laini. Nikaunga kwenye valvu, nikapiga pampu, tumbo likajaa. Sikupata nafasi ya kujaribu kulipunguza. Lori lilikuwa linapiga honi.

Huko Muleba walikuwa wamejenga jukwaa la mbao uwanjani. Pazia letu lilikuwa mablanketi yaliyoshikwa na akina mama wawili, mmoja kila upande, waliotembea kwenda na kurudi. Uwanja ulifurika. Na kwenye kiti cha mbele, nyuma ya meza yenye kitambaa, aliketi mgeni rasmi, ofisa mkubwa, mwenye suti ya mikono mifupi na tumbo ambalo lilimfanya Mwenyekiti wetu aonekane kama mwenye njaa. Mwalimu Mkuu alichungulia kwenye tundu la blanketi, akamwona, akarudi nyuma rangi imemtoka.

"Tupunguze tumbo kabla ya kuanza," akaninong'oneza. "Liwe dogo. Liwe la heshima."

"Nikilipunguza sasa, halitakuwa na la kupungua baadaye," nikamwambia.

Akafanya ishara ya msalaba. "Endelea."

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Maharage yalinyesha, bati likanguruma, na niliona kwa jicho la pembeni wanawake kadhaa uwanjani wakiinuka nusu, wakakumbuka kwamba kahawa yao haiko pale. Wakulima wakaamka. Wa kwanza akasimama mbele ya Bepari, akanyoosha kidole, akasema kwa sauti nzito, "Umekula jasho letu!" Hiyo ilikuwa alama yangu. Nikalegeza gunzi.

Mpira mgumu wa bomba la dawa ulikuwa unasema fsss. Tyubu laini ya baiskeli haisemi fsss. Midomo yake inapigana yenyewe kwa yenyewe. Ilitoa sauti ndefu, nene, yenye kukatakata, iliyopanda na kushuka, sauti ambayo kila binadamu aliyewahi kula maharage anaifahamu. Na kwa kuwa nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya kiti, sauti ilitokea hasa pale ambapo ingetokea.

Uwanja ukanyamaza. Hata watoto walinyamaza. Nikaziba haraka. Mkulima wa pili, mama mcha Mungu aliyekuwa amehangaika wiki nzima kukariri neno lake, akasita, akasema, "Tumekuvumilia vya kutosha!"

Ilikuwa alama yangu ya pili. Sikuwa na la kufanya. Nikajaribu kubana ncha kwa vidole ili upepo utoke kidogo kidogo, na hilo likawa kosa, kwa maana sasa sauti ilikuwa nyembamba na ndefu zaidi, kama inayouliza swali.

Nilimwona mgeni rasmi kupitia mwanya. Uso wake ulikuwa umekaza. Watu wa safu ya mbele walikuwa hawamtazami katekista tena. Walikuwa wanamtazama yeye, kisha tumbo lake, kisha wanatazama mbali. Katekista naye alikuwa amekaa kwenye kiti cha ubepari, kidevu juu, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Mkulima wa tatu alipofungua mdomo tu, kabla hajasema, yule mzee akainua mkono kumzuia. Akaigeukia hadhira. Akasema polepole, kwa sauti ile ile ya mafundisho ya komunyo:

"Ni jasho la watu. Halikai tumboni."

Maneno hayo hayakuwa kwenye mchezo. Mgeni rasmi alitoa mlio kama mbuzi aliyekanyagwa. Tukadhani ameugua. Kumbe alikuwa anacheka. Akaishika meza, akalishika tumbo lake kwa mikono miwili, akacheka hadi miwani ikaanguka, na alipocheka yeye, Muleba yote ikapata ruhusa. Mama mmoja aliyeshika blanketi aliliachia akakaa chini, na mimi nikaonekana, nimechuchumaa na pampu ya baiskeli magotini, watu wakanipungia mkono. Wakulima waliobaki walisema maneno yao wakisubiriana na tyubu, zamu kwa zamu, mpaka tumbo likaisha kabisa.

Wakati wa kurudi Mwalimu Mkuu alikwenda kukaa mbele na dereva. Nilikaa nyuma ya lori na kumwomba radhi katekista. Nilikuwa nimeona aibu kwa niaba yake.

"Mzee wangu, nisamehe. Jumapili utasimamaje mbele ya watu?"

Akashika ubavu wa lori lililokuwa likiruka mashimo. "Mwanangu," akasema, "mimi nimewafundisha watu hawa tangu wakiwa watoto. Leo ndiyo mara ya kwanza wananisikiliza mpaka mwisho."

Na kweli, juma lile watoto wa mafundisho walikuja wote, hata wale wa Kilutheri ambao hawakuhusika, wakakaa mstari wa mbele wakimtazama kwa matumaini. Aliwafundisha amri zote za Mungu bila mtoto hata mmoja kusinzia. Mama Fundi aliniambia kwamba alipofika amri ya saba kiti chake kililia kidogo, na darasa likavunjika mbavu.

Habari zilitutangulia Bukoba. Mgeni rasmi alikuwa amependekeza tupelekwe kwenye mashindano ya mkoa, na tulipopita Kagoma na lori letu, vijana waliokaa juu ya magunia kando ya barabara walituona na anga letu la maua, wakaweka midomo kwenye mikono, wakatusalimia kwa sauti ile. Mwalimu Mkuu alifumba macho.

"Bukoba haitasikika hata moja," aliniapia. "Hata moja. Ule ni ukumbi."

Tulikuwa tumejaribu kila njia ya kuinyamazisha tyubu ya baiskeli. Tuliifunga blanketi, ikawa kama mtu anayefanya hivyo akiwa amelala. Tuliizamisha kwenye debe la maji, ikatoa bwa-bwa-bwa, na Mama Fundi akasema sasa Bepari anahitaji kupelekwa hospitali. Mwishowe nilikwenda kwa mwenye bomba la dawa, nikamsaidia kunyunyizia kibanja chake chote Jumamosi nzima, nikanuka dawa mpaka wanafunzi wakanikimbia, naye akanipa mpira wake mgumu.

Ukumbi wa Bukoba ulikuwa na jukwaa la kweli. Taa za umeme zilikuwa juu, na palikuwa na pazia zito la rangi ya damu ya mzee, linalofunguka kwa kamba moja pembeni, likienda lenyewe huku na huku kama maji yanayogawanyika. Mtunza ukumbi, bwana mmoja mfupi mwenye funguo nyingi, hakuniruhusu kuligusa. "Hili si blanketi, dada," akasema. Kumbe hata yeye alikuwa amesikia.

Siku hiyo ukumbi ulijaa hadi madirishani. Vikundi vilivyotutangulia vilisema ngonjera nzuri sana kuhusu jembe, mbolea na vita dhidi ya ujinga, watu wakapiga makofi ya adabu. Zamu yetu ilipofika, kukawa na minong'ono na viti kuburuzwa. Pazia lilifunguka. Katekista alikuwa pale, tumbo limejaa vizuri. Mvua ikanyesha. Radi ikapiga. Mkulima wa kwanza akanyoosha kidole.

"Umekula jasho letu!"

Nikalegeza gunzi. Fsss. Kutoka viti vya watu hata hiyo haikusikika. Tumbo lilipungua kimya, kwa heshima, kama Mwalimu Mkuu alivyotaka, naye alikuwa amesimama karibu yangu, mikono imefumbatana, anatabasamu.

Ukumbi ulikuwa unasubiri. Ungeusikia unavyosubiri. Mkulima wa pili akasema lake. Fsss. Hakuna. Manung'uniko yakaanza huko nyuma, kama ya watu waliokaribishwa pombe ya rubisi wakapewa maji. Mkulima wa tatu akasema lake, na kabla sijagusa gunzi, kutoka dirishani mtu fulani akaitoa sauti ile kwa mdomo wake.

Mwingine akaongeza. Kisha safu nzima. Kisha ukumbi mzima wa Bukoba, wake kwa waume, watumishi wa serikali, walimu, wauza kahawa, masista wawili waliokaa mbele na kuficha nyuso kwenye vitambaa, wote wakawa wanalisaidia tumbo la Bepari kutoa upepo. Mwalimu Mkuu alishika kichwa. Mimi niliganda na gunzi mkononi.

Katekista aliinuka kwenye kiti. Jambo hilo pia halikuwa kwenye mchezo. Alisogea hadi ukingo wa jukwaa, tumbo lake nusu, akasubiri. Polepole ukumbi ukatulia. Akawatazama kutoka upande huu hadi ule kwa uso ule usiojua kicheko, akaweka mkono kifuani.

"Ndugu zangu," akasema kwa huzuni ya kweli, "hata sauti mmenitaifishia?"

Nilidhani paa linaanguka. Watu walipanda juu ya viti. Mmoja wa majaji alilaza kichwa mezani akabaki hivyo, mabega yakimtetemeka. Mtunza ukumbi alikaa chini sakafuni na funguo zake. Nami nilicheka hadi nikaachia gunzi, tumbo likaisha lote kwa mkupuo, wakulima waliobaki hawakuwa na Bepari wa kumsema, ikabidi waanze wimbo. Waliimba vibaya mno, na hakuna aliyejali.

Mwalimu Mkuu alikuwa bado ameshika kichwa. "Hilo neno sikuliandika mimi," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu Mkuu."

Akasikiliza makofi. Hayakuwa yanakwisha. Akashusha mikono, akanyoosha kola. "Lakini," akasema, "mtunzi mzuri huacha nafasi." Na akatokeza jukwaani kuinama mbele ya watu.

Tulipata nafasi ya pili. Ya kwanza ilikwenda kwa kikundi cha mbolea, na jaji mkuu alieleza kwamba kwetu siasa ilikuwa safi ila kicheko kilizidi kiasi, akajitahidi kusema hivyo bila kutabasamu, akashindwa. Zawadi yetu ilikuwa jembe jipya. Katekista alilipokea kwa niaba yetu, akalitazama pande zote mbili, akasema kwamba lile la mchezo lilikuwa jepesi zaidi.

Watu walipokuwa wanatoka nilibaki kukusanya maharage yaliyomwagika. Mtunza ukumbi alikuja akasimama karibu yangu, macho bado mekundu kwa kucheka. Alikielekeza kidevu chake kwenye kamba ya pazia, kisha akageuka kutazama upande mwingine, kama mtu asiyeona.

Nikaishika. Ilikuwa nene, laini mahali mikono ya watu ilipopita. Nikavuta, na lile pazia zito likaja kutoka pande zote mbili likakutana mbele yangu bila kelele. Nikavuta upande wa pili, likaachana, ukumbi mtupu ukafunguka wote, viti vimepinduka, gamba la ndizi kwenye kiti cha jaji. Nikalifunga tena. Nikalifungua. Nje Mama Fundi alikuwa ananiita kwamba wingu limejikusanya juu ya ziwa na lori halina turubai. Nikajibu nakuja, lakini kwa sauti yangu ile ile, kwa hiyo hakusikia, nami nikapata nafasi ya kulivuta mara nyingine.

Mvua ilitukuta hata hatujatoka mjini. Tulijifunika anga letu, sote, Bepari na wakulima na Mwalimu Mkuu, na lile shuka la bluu ya kufulia likaanza kutoa rangi. Tuliposhuka Ijumbi, waliotupokea walisema hawajawahi kuona watu wameshinda zawadi wakarudi wakiwa na rangi hiyo.